Mota Isiyokuwa na Sumaku

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kusuka mota pale Mchafukoge, Fundi Mkuu alinipa mota iliyoungua akaniambia, "Kabla hujaifungua, inuse." Harufu ya vanishi iliyoungua ilinifuata hadi nyumbani. Kazi yetu ilikuwa kutoa waya wa shaba ulioharibika na kusuka mwingine, koili kwa koili. Baadaye nilihamia Posta kutunza mota za lifti, chini ya Mhandisi wa Majengo, mtu mpole aliyevaa tai hata ndani ya chumba cha mashine. Kisha nikaja kwenye karakana ya Kariakoo, kwa Msimamizi aliyeamini kwamba mota zote ni ndugu. Nami niliamini hivyo.

Ndipo Bi Mwajuma, mjane aliyepika chakula na kukisambaza madukani, alipoleta bajaji yake ya umeme. Ilikuwa ikishtukashtuka, kisha ikagoma kabisa. Dereva wake, aliyekuja naye, alikuwa shemeji yake Shabani, mdogo wa marehemu mumewe, aliyeishi kwake. Shabani alikuwa ameshajaribu kuifungua mota mwenyewe akashindwa.

Nikaitoa rota, kile kipande cha kati kinachozunguka. Mota za betri nilizozijua zilikuwa na sumaku ndani. Hii rota ilikuwa chuma kitupu chenye meno, kama gia. Nikaigusisha bisibisi, haikunata. Nikatazama na ganda lake, nako hamna.

"Sumaku ziko wapi?" Msimamizi akauliza.

"Sizioni."

Bi Mwajuma akamgeukia Shabani. "Umeziuza?"

"Shemeji, wallahi nilifungua, nikafunga."

"Leo usirudi kwangu. Kesho tutaonana polisi."

Msimamizi akasema mota ya betri haiwezi kukosa sumaku. Wote wakanitazama. Nilitafuta alama ya gundi, au mkwaruzo mahali kitu kilipong'olewa, sikuona. Kichwa kilinivurugika.

"Bi Mwajuma, sijasema zimeibwa," nikamwambia. "Nipe hadi kesho."

Akatoka zake. Shabani akaondoka kwa miguu, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Asubuhi nilirudisha rota mahali pake, nikaunganisha jozi moja ya koili na betri. Nilitegemea izunguke. Ilishtuka mara moja ikakaza, hata kwa mkono haikugeuka. Nikahamishia waya kwenye jozi ya pili. Ikasogea kidogo, ikakaza tena. Ya tatu, vilevile. Nikaendelea hivyo mpaka ikamaliza mzunguko, huku nikiwa bado siamini. Koili ndizo zilizokuwa zikiyavuta yale meno ya chuma, kwa zamu. Kumbe sumaku hazikuwahi kuwamo.

"Sasa barabarani nani anahamisha umeme?" Msimamizi akauliza.

"Kontrola," nikasema, nikionyesha kisanduku chake.

"Nayo inajuaje ihamishe saa ngapi?"

Sikujua. Tukafuata nyaya hadi kwenye sensa, kifaa kidogo pembeni ya rota kinachoiambia kontrola meno yamefika wapi. Waya wake ulikuwa umekatikia ndani ya ganda la plastiki. Tulipouunga, mota ikazunguka, kwa mvumo mkali ambao sikuupenda.

Bi Mwajuma alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Shabani yuko wapi?" Akajifunga kanga, akaenda kumtafuta duka kwa duka. Alimkuta anabeba magunia ya watu. Alichoniambia Shabani baadaye ni kwamba hawakusemeshana njia nzima, ila walipofika nyumbani shemeji yake alimpakulia chakula.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mnazifungua mota hizi kila siku. Mimi mpaka leo nikiisikia moja inapita, najiuliza chuma kitupu kinapataje nguvu ile. Nimeshaelezwa, nikaitikia, na nikabaki nilivyokuwa.

Mwezi uliopita Shabani alikuja kunijulia hali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa. Baada ya chai akauliza, "Siku ile, ulijuaje kwamba sikuiba?"

"Sikujua," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini, na sikuweza kutambua kama jibu hilo lilimpoza au lilimuumiza.