Buti za Kivuli

Mshonaji alipewa jina la Kivuli na mtu mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Wateja walimwita Fundi, mkewe alimwita Baba Mapacha, na kaka yake, makanika wa injini, alimwita "bwana mdogo" utadhani bado anamfunga kamba za viatu. Kwa umbo hakuwa na ukivuli wowote. Magoti yalimlia kila alipoinuka kwenye cherehani, na akipita uani hata kuku wa jirani walimpisha. Lakini Jumapili alasiri, kwenye gemu ya vita sebuleni kwa kaka yake, aliitupa bunduki, akabaki na kisu kitupu, na akashinda.

Ushindi huo usiuone mdogo. Tangu utotoni kaka alimshinda kwa mbio, kwa hesabu, kwa karata, kwa urefu, hata meno ya utoto yalimtoka kwanza yeye. Miaka arobaini na moja mshonaji anakula vumbi. Kisu ndicho kitu pekee duniani alichompiku nacho kaka yake, na kikimponyoka hicho, basi tena, hana kingine.

Walicheza kwenye televisheni moja, skrini imegawanyika nusu kwa nusu. Kwa kuwa kuchungulia upande wa mwenzio ni kuua mchezo, mshonaji alishona kipazia cha kitambaa cheusi, akakining'iniza katikati ya kioo, mmoja akakaa huku na mwingine kule. Pindo lake alilipiga mshono mara mbili, maana kazi ni kazi. Kisha akamsaka kaka katika vyumba vya ghala la gemu, akamtokea mgongoni, akamaliza habari.

"Kisu hakitaki papara," alimfundisha, bila kuombwa. "Unangoja adui abadilishe risasi, unajibanza ukutani, halafu unaingia taratibu. Asijue."

"Haya, bwana mdogo, umenipata," kaka alisema, akacheka.

Basi mshonaji akavimba kichwa. Wiki nzima aliwapima wateja viuno huku akiwahubiria elimu ya kunyata, na wao, masikini, wangekwenda wapi na suruali iko mikononi mwake?

Jumamosi moja akajipeleka ukumbi wa gemu karibu na soko, akatangaza kwamba yeye hutumia kisu tu. Akapangiwa dada mmoja, karani wa posta, mkoba wa kazi mapajani na hedifoni masikioni, kila mmoja na televisheni yake. Karani akamuua mara kumi na moja. Mara ya mwisho hakujisumbua hata kumtafuta. Aliielekeza bunduki mlangoni akamngoja, huku akijikuna kidevu.

"Mzee, samahani," alisema kwa adabu iliyouma kuliko risasi. "Mbona unakimbia?"

"Nakimbia wapi? Mimi nanyata."

"Unakimbia. Buti zako nazisikia toka ngazini. Mtu wa kisu anatembea amechuchumaa. Kwani hukibonyezi hiki kitufe?"

Mshonaji akakitazama kitufe. Miezi minane kilikuwa chini ya dole gumba lake, akidhani ni cha kupigia saluti. Karani akamvisha hedifoni, na mshonaji akasikia askari wake wa kwenye skrini anavyokimbia: du, du, du, kama gunia la viazi linaporomoka ngazi. Na kishindo hicho hakikuwa kigeni. Alikuwa akikisikia sebuleni kila Jumapili, akidhani ni cha kaka, akimcheka moyoni kwa kukosa ustadi. Kumbe nyani haoni kundule. Alitoka pale masikio yanamwaka kwa haya.

Haya hiyo ilimsindikiza nusu ya njia. Mbele ya duka la vioo likamjia wazo jingine, likamsimamisha. Kama buti zinalia hivyo, kwa nini kaka hazisikii? Akakumbuka televisheni ya kaka inavyofunguliwa sauti kubwa, mpaka shemeji yake hukimbilia jikoni. Akakumbuka kaka anavyocheka pale tu wenzake wakishaanza kucheka. Na kaka ni mtu anayekula kwa masikio yake: watu humletea gari asikilize tu, aseme injini inaumwa wapi. Mshonaji akaingiwa na hofu pale pale barabarani.

Jumapili akaenda. Angeweza kunyamaza, na tusidanganyane, alitamani kunyamaza. Ushindi ni ushindi. Badala yake akamkimbiza askari wake juu ya mabati, akamrusha, akakanyaga kila kilicholia. Akasimama nyuma ya askari wa kaka, kisu juu. Kaka hakugeuka. Mshonaji hakuchoma.

Mwishowe askari wa kaka akageuka mwenyewe. "Sasa mbona huchomi?"

Mshonaji akakishusha kipazia, wakatazamana. "Nimekuja nikikimbia, kaka. Siku zote nilikuwa nakuja nikikimbia."

Kaka aliifuata midomo yake mpaka neno la mwisho. Akaiweka padi ya gemu mezani.

"Injini sasa naishika kwa kiganja," alisema. "Naupata mtetemo wake. Lakini mwezi huu nimekosea mbili. Nimeogopa kumwambia mtu, hata shemeji yako."

"Kesho tunakwenda hospitali. Mimi na wewe. Cherehani itangoja."

Kaka akakubali kwa kichwa. Kisha akacheka kidogo, macho yamelowa. "Na wakinirudishia masikio, bwana mdogo, utanishinda kwa kitu gani?"

Mshonaji akatafuta. Alitafuta kwa dhati, kuanzia utotoni kwao mpaka pale kwenye kochi.

"Hakuna," akajibu kwa sauti ya chini. Kaka alikuwa ameinamisha uso kufuta macho, hakusikia, na mshonaji ikabidi alirudie neno hilo kwa sauti kubwa.