Kata Kushoto Baada ya Wakwe

Pale kituoni walimwita Mama Kipaza, na jina hilo hakulipata bure. Mpe kipaza sauti asubuhi, jioni utakipokea kikiwa cha moto. Alikuwa mwongoza wageni kwenye uwanda wa mawe tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na muda wote huo alikalia kiti kile kile cha kukunja, kando ya dereva, mgongo kwa barabara na uso kwa wageni. Yaani njia ya kazi yake aliijua kwa kuiona ikikimbilia nyuma. Ya mbele alimwachia dereva, na dereva alikuwa mume wake.

Huyo waliyemwita Taratibu, kwa sababu tangu akabidhiwe kile kibasi cha tajiri hajawahi kummwagia abiria chai. Vijana wa kituo walimtania kwamba hata konokono humpigia honi. Yeye hujibu, "Mpisheni, huenda ana mgonjwa," kisha anaendelea kufuta kioo chake.

Na njia yenyewe ilitaka mtu wa namna hiyo. Mawe ya uwanda ule si ya kujengea. Mvua na upepo viliyatafuna yakabaki na shingo nyembamba na vichwa vikubwa, mengine yakalaliana kama watu waliozidiwa na usingizi kwenye benchi. Kulikuwa na Foleni, nguzo zilizojipanga moja nyuma ya nyingine, ambazo Mama Kipaza alisema zinangoja tangu dunia iumbwe na dirisha halijafunguliwa. Kulikuwa na Shavu, lililovimba upande mmoja kama mwenye jino bovu. Na kulikuwa na Wakwe, mawe mawili makubwa yaliyotazamana kwa adabu, hayagusani. Wageni walicheka pale pale palipotakiwa kuchekwa, na Taratibu, ambaye alikwisha kusikia vichekesho hivyo mpaka angeweza kuviota, alicheka nao.

Ugonjwa wa Taratibu ulianza kwa mambo madogo. Alivaa viatu visivyofanana, wakacheka wote wawili. Aliuliza mbona kaka yake siku hizi haji, akaambiwa kaka yako tulimzika, akalia upya kama ameletewa habari siku hiyo. Mara ya tatu alipouliza, Mama Kipaza alisema kaka amesafiri, kisha akaenda kukaa chooni na mlango akaufunga, ashike tama peke yake. Daktari aliwaeleza kwa maneno marefu, na ukiyafupisha yalikuwa mawili tu: hauna dawa.

Sasa nawe unayesoma utauliza, mtu huyu alikuwa bado anaendesha gari lenye watu? Alikuwa anaendesha. Mlaumu mkewe ukitaka. Yeye mwenyewe alikwisha kujilaumu vya kutosha, wala hakuhitaji msaada. Lakini mwone na mumewe. Nyumbani Taratibu alikuwa mgeni. Alifungua kabati akitafuta mlango wa nje, alikaa ukingoni mwa kitanda akingoja aambiwe afanye nini. Akishika usukani, anarudi. Mabega yanashuka, mkono unajua gia iko wapi, mguu unajua klachi inataka nini. Kilichompotea ni njia tu. Na tajiri akijua, ufunguo utachukuliwa, na Taratibu atabaki nyumbani peke yake nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli, huku mkewe yuko uwandani akiwachekesha watu. Kufuli hilo ndilo lililomnyima Mama Kipaza usingizi.

Kwa hiyo alimpa njia. Siku moja Taratibu alitaka kuipita kona ya Foleni, mkewe kwa hofu akasema kwenye kipaza sauti, sauti ya kitalii kabisa, "Na sasa, wageni wetu, dereva anakata kulia kwenye ule mti mkavu." Usukani ukakata kulia. Tangu hapo maelezo yake yakanenepa. Zamani angesema hawa ndio Wakwe, basi. Sasa alisema, "Mkono huu mnawaona Wakwe, na tukishawapita tu, tunakata kushoto, tunapunguza mwendo kwenye shimo, halafu tunashika njia ya mchanga." Wageni walimsifu kwa tajiri kwamba mama yule anaeleza mpaka kona, na tajiri akawaambia waongozaji wengine waige. Nyumbani, juu ya jambo hilo, mume na mke hawakusemeshana hata neno moja.

Siku yenyewe wageni walikuwa watu wa ofisi moja waliokuja na familia zao. Nyuma tu ya dereva alikaa mzee mnene mwenye fimbo, baba wa mmoja wao, ambaye kabla hata mlango haujafungwa alikwisha kutangaza kwamba ameendesha mabasi ya masafa marefu mpaka goti likakataa klachi. Mama Kipaza alimkaribisha kwa tabasamu, ila akamwekea jicho. Dereva humtazama dereva.

Asubuhi ilikwenda salama. Foleni wakaiona, Shavu wakalipiga picha, mayai ya kuchemsha yakaliwa kivulini. Walipoondoka hapo, mama mmoja mwenye miwani ya jua akauliza kwa sauti, "Hivi ni kweli dereva ni mumeo? Mlikutanaje?"

Hapo Mama Kipaza alikosea, na lilikuwa kosa la mtu anayependa kusimulia. Alisahau kazi. Akawaeleza jinsi dereva mpya alivyokataa kuondoa gari mpaka yeye afunge mkanda, naye akakataa kufunga, wakanuniana mpaka saa ya chakula. "Nikamwona anakuja, uso umemkunjamana hivi, kashika yai. Akaniwekea pajani, akaenda zake. Hata pole hakusema." Gari zima likaangua kicheko. Taratibu naye alicheka, tena kwa kugeuza kichwa, kwa hamu, kama mtu anayetaka kujua iliishaje.

Kicheko kile kilipotulia, Mama Kipaza aliona dirishani migongo ya mawe asiyoyajua. Aligeuka kutazama mbele. Wakwe walikuwa wamepitwa zamani. Kibasi kilikuwa kimeingia kwenye korongo la mchanga, kuta za mawe huku na huku, jembamba kiasi kwamba hata mkokoteni usingegeuka. Taratibu alikanyaga breki polepole, asimwage kitu cha mtu, akashika usukani kwa mikono miwili, akangoja.

"Sasa wapi?" akauliza.

Hakuuliza kwa siri. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Mama Kipaza aliwageukia wageni. "Leo mna bahati," akasema kwenye kipaza sauti. "Huku hatuleti kila mgeni. Shukeni mpige picha." Akawatajia majina papo hapo: lile ni Mpishi, lile pale ni Shemeji Kalewa, yale matatu ni Kikao cha Harusi. Mawe yale hayakuwa yamepewa jina na mtu yeyote tangu yawepo. Wageni walishuka wakifurahi, simu juu. Yeye alisimama kwenye ngazi ya gari, akajaribu simu yake. Mtandao hakuna hata chembe.

Yule mzee wa fimbo hakwenda kupiga picha. Alishuka kwa shida, akaegemea mlango karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, samahani. Ana muda gani hivi?"

"Nani?"

"Mwenzangu. Tangu asubuhi haitazami barabara, anautazama mdomo wako kwenye kioo."

Mama Kipaza alitaka kujifanya haelewi. Alishindwa. "Ana muda, baba," akasema.

"Mwenye gari anajua?"

"Hajui."

Mzee akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Ningekupokea usukani, lakini hili goti likikanyaga klachi halinyanyuki. Wewe?"

"Sijawahi kuendesha hata baiskeli."

"Na hao watoto wetu wamezoea magari yanayojibadilishia gia yenyewe. Hapa watatuzika." Akatazama korongo mpaka mwisho, akatazama kibasi. "Basi hatuna mwingine. Ni yeye."

Wakasimama hapo watu wazima wawili, kila mmoja na ujuzi wake, hakuna aliyeweza lolote. Ndani ya gari Taratibu alikuwa ametoa kitambaa anafuta dashibodi, ametulia, akipiga mluzi. Mama Kipaza alitamani amkasirikie, hata kidogo tu, apate mahali pa kuuweka ule uzito. Hakuweza hilo pia.

Wageni waliporudi, alifunga mlango na kusema, "Dereva, tunarudi nyuma. Rivasi mpaka tutoke."

Na Taratibu akarudi nyuma. Hapo ndipo ungemwona dereva. Macho yalikwenda kioo hiki na kile, mikono ikateleza juu ya usukani bila pupa, kibasi kikajipinda kati ya kuta zile kana kwamba kimepakwa mafuta. Mkewe, kwa kuwa alikaa kinyume, kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa anaona kule gari linakokwenda. Alifuata alama za matairi yao wenyewe mchangani, akaita kila jiwe: "Kulia kidogo. Nyoosha. Hapo kuna jiwe la kufika goti, lipishe." Utalii uliisha, vichekesho viliisha. Wageni walikumbatia mikoba mapajani. Mzee wa fimbo alikuwa ameweka kiganja chake nyuma ya kiti cha dereva, na hakukiondoa mpaka walipotoka.

Barabarani Mama Kipaza aliendelea. Hakuthubutu kunyamaza. Aliwarudisha hadi nyuma ya Wakwe, akawapitisha tena, akasema kushoto, akasema shimo, akasema mchanga. Sauti ikaanza kukwaruza. Kila kona alijua kwamba inayofuata itakuwa hivi hivi, na kesho hivi hivi, na kwamba itafika siku kona itakuja kabla ya neno. Mama wa miwani ya jua alikuwa amemshika mwanawe mdogo kiunoni kwa mikono yote miwili. Mama Kipaza aliiona mikono ile njia nzima, kwa kuwa kiti chake hakikumpa mahali pengine pa kutazama. Ilipotokea lami, kitu ndani yake kikawa kimekwisha kuamua, na hakikumuuliza.

Kituoni wageni walishuka wakishukuru kwa haraka, wengine bila kumtazama usoni. Mzee wa fimbo alibaki nyuma.

"Mimi sisemi kwa mtu," akamwambia. "Lakini kesho usimpe ufunguo, mwanangu."

"Simpi, baba."

"Pole sana," akasema mzee, akaenda zake akichechemea.

Mama Kipaza alizunguka gari mpaka dirisha la dereva. Njiani alikuwa amejipangia maneno: atasema tajiri anataka kupaka gari rangi, atasema wapumzike kidogo, macho makavu. Vijana wawili walikuwa wanaosha gari jirani na maji yalitiririka mpaka kwenye viatu vyake. Taratibu alikuwa amezima injini, amevuta hendibreki, amekunja kitambaa chake vizuri. Ufunguo aliushika mkononi. Alipomwona mkewe dirishani, alitabasamu kwa heshima.

"Dada," akasema, "nilikuwa nakungoja wewe. Ahsante sana kwa leo."

"Ahsante ya nini?"

"Kunielekeza. Usidhani sijui. Mimi njia zimenitoka, dada. Nasikiliza sauti yako tu. Bila wewe leo ningewapoteza watoto wa watu." Alimwekea ufunguo kiganjani, akaufunga mkono wake juu yake, kwa upole, kama anayempa mtoto kitu cha kuvunjika. "Mpelekee tajiri. Mwambie dereva amechoka. Sitaki kuendesha tena."

Mama Kipaza alishika ufunguo. Lile alilokuwa akiliogopa mwaka mzima lilikuwa limekwisha kufanyika, tena bila ugomvi, na alianza kutafuta pumzi ya kusema twende nyumbani, mume wangu.

"Ila nina ombi moja," Taratibu akasema, akatazama huku na huku kwanza, kisha akashusha sauti. "Usimwambie mke wangu. Ana wasiwasi sana yule, akisikia hatalala. Nitamwambia mwenyewe, nikipata maneno."

Alimtazama usoni, akangoja. Hakuwa anatania, Mama Kipaza alikuwa anamjua akitania. Vijana walifunga bomba, na mmoja akamwita Mama Kipaza asogee wapitishe ndoo. Akasogea.

"Nimekusikia," akasema. "Simwambii."

"Ahsante, dada," akasema Taratibu, na uso wake ukalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akachukua kitambaa chake, akakikunjua, akaanza kufuta kioo.