Mwito wa Saa Sita

Mwanangu alipotengana na mkewe, mjukuu wangu wa miaka mitano alibaki kwangu hapa Bariadi. Sikuona kosa. Ng'ombe wa mahari tulikuwa tumemaliza kuwatoa wote, hata yule wa mwisho mwenye kovu begani, na kwa desturi yetu Wasukuma mtoto hufuata ng'ombe. Mkwe wangu alirudi kwao Mwamanyili na begi moja. Mwanangu alikataza hata simu.

Mtoto hakulia. Kilichoniogopesha kilikuwa kingine. Kila siku jua likifika utosini aliacha alichokuwa akifanya, akageukia barabara ya Lamadi, iendayo Mwamanyili, na kuitika, "Abee, mayu," yaani mama kwa Kisukuma chetu. Kisha alikimbia hadi getini, akasimama. Nje hapakuwa na mtu. Kuku nao walinyamaza. Nilimwekea mkono kichwani nikasali. Kesho yake aliitika tena, saa ileile.

Baraza la usuluhishi la kanisa liliwaketisha mwanangu na mkewe mara mbili, likashindwa, likawaandikia hati ya kwenda mahakamani. Mwanangu aliniomba niwe shahidi wake. Niseme mtoto amemsahau mama, na kwamba nyumba aliijenga peke yake, maana kiwanja kina jina lake.

Siku hiyo nilimkuta mkwe wangu kwenye benchi nje ya mahakama. Alipiga goti akanisalimu, kama zamani. Nikamuuliza habari za pamba. Akajibu pamba nzuri, halafu akainama.

"Mama, saa sita nikiweka jembe chini, huwa namwita mtoto jina lake. Mara moja tu. Ndugu zangu wananicheka, wanasema nimerukwa na akili."

Nilipoitwa ndani niliapa kwa Biblia, mwanangu akinitazama.

"Mheshimiwa," nikasema, "mtoto anamwitikia."

Nikaeleza yote. Nikasema pia kwamba matofali ya nyumba ile aliyafyatua mkwe wangu, akiwa na mimba ya mtoto huyohuyo.

Nilipokuwa nasimulia habari ya kuitika, kalamu ya hakimu ilisimama, sidhani aliiandika. Hukumu ilipotoka, alisema ng'ombe hawanunui mtoto, na kwamba aliye chini ya miaka saba sheria humwacha kwa mama, isipokuwa pawe na sababu nzito. Likizo atakuja kwa baba. Nyumba iligawanywa, kwa kuwa jasho la mke nalo limo katika mali.

Mwanangu alikaa miezi bila kunisalimu. Sasa hunisalimu, namshukuru Mungu.

Mtoto yuko kwa mama yake. Lakini juzi, saa sita, nikichambua mchele barazani, nilisikia vinyayo vidogo vikikimbia kuelekea getini. Kuku wakanyamaza. Nikaita jina lake, mara moja tu.

Simu sasa inaruhusiwa. Bado sijathubutu kupiga Mwamanyili kuuliza, saa ile nilipoita, mtoto aligeukia upande gani.