Mawe ya Kufulia pa Keshero

Juzi kijana mmoja wa kartié, mtaa wetu, alipiga hodi kwangu. "Mama," akasema, "kwenye kile kiwanja tunataka kuweka fasi ya watu kupumuzikia. Mama angependa tuweke nini?" Utanicheka, rafiki yangu, lakini jibu lililonijia mdomoni lilikuwa la bibi yangu, naye amekufa zamani.

Tulimwita koko. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wanatawala, na Goma ilikuwa kamji kadogo juu ya mawe meusi ya volkano. Kisima hakikuwepo, maana ukichimba unakutana na jiwe. Maji yote tulichota ziwani. Baba alimtoa koko Kibumba alipofiwa na mumewe. Kule aliacha shamba na watu wake, huku akapata mimi na kuta za nyumba. Jioni alikaa mlangoni akitazama njia ya Kibumba mpaka chakula kinapoa, nami nilimwonea huruma sana.

Ila siku ya kufua alikuwa mtu mwingine. Tulishuka Keshero, ufuoni mwa ziwa, na nguo na mitungi, na viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa kwenye majani ya migomba. Mawe ya pale yalishika jua vizuri. Nguo zikikauka, wamama walikula, wakasukana, wakawasengenya waume zao. Jirani yetu, mwanamke wa Maniema, alikitania Kiswahili cha shamba cha koko, na koko alicheka mpaka akashika mbavu. Nyumbani sikuwahi kuyaona meno yake.

Halafu leta, yaani serikali, ikatuita. Alikuja muzungu mmoja na karani wake. Karani akatuuliza tunataka leta itujengee nini cha kupumuzikia. Sasa kwetu, mgeni akikuuliza unataka nini, haumwambii. Ukitaja kitu, wewe mulafi. Wamama wakamsukuma koko aseme kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akapiga makofi ya heshima, polepole, akasema, "Muzee, kile mutatupatia ni kizuri." Karani akatafsiri na muzungu akafurahi kweli.

Basi wakajenga sale, ukumbi wenye mabenchi na santuri. Wakaleta robine, bomba la maji, katikati ya kartié ili wamama wasichoke kutembea. Na kule ziwani wakaweka zamu, mlinzi wa kutuambia kwamba pale sasa ni pa wazungu kuogelea, hakuna kufua tena. Siwezi kusema robine ilikuwa mbaya, mama yangu aliishukuru kila siku. Lakini kwenye robine unajaza, unaondoka, mwenzako yuko nyuma anakusukuma. Koko alienda sale mara moja tu. Akakaa kwenye benchi, mikono mapajani, wanaume wakisikiliza santuri yao, kisha akarudi nyumbani.

Baadaye akaanza kubeba mtungi na kushuka ziwani peke yake. Zamu anamrudisha, naye anapanda na mtungi mtupu. Mama akamuuliza, "Mama, maji si haya hapa mlangoni?"

"Siendi kwa ajili ya maji," koko akajibu.

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Alizikwa Kibumba kabla sijamaliza shule, na mpaka leo jibu lile linaniuma.

Siku hizi ufuo wa Keshero ni kuta na milango ya chuma, hata maji yenyewe huyaoni. Mimi nina robine ndani ya nyumba, na watoto wangu wako mbali, wananipigia simu Jumapili, siku ya Mungu.

Kijana alikuwa bado anangoja. "Kile mutatuwekea ni kizuri" ilikuwa imefika kwenye meno, nikaimeza. Nikamwambia, "Weka mawe makubwa ya kukalia, yenye jua. Na maji ya kufulia."

Akatabasamu kwa adabu. "Mama hana mashini ya kufua?"

"Iko. Lakini hainiongeleshi."

Nikamwomba akae kidogo, viazi viko motoni vinakaribia kuiva. Akasema nyumba za kupitia zingali nyingi, atarudi siku ingine, akaondoka. Nilivipakua mwenyewe na kuvila nikiwa nimesimama jikoni. Nilikuwa nimechemsha vya watu wengi.