Shimo Hata Moja

Leo nimemwagia maji chungu kipya, na harufu ya udongo ikanirudisha kwenye bonde la Carama. Sisi Batwa tulichimba pale udongo wa kufinyanga, na kila tukimaliza tulifukia shimo, ng'ombe wa watu wasivunjike miguu.

Vita vilitukimbiza. Tuliporudi, tulikuta tajiri mmoja amezungushia bonde seng'enge.

"Hapa ni kwetu, tunachimbaka tangu zamani za bibi zetu," mama alimwambia shefu wa mtaa.

Shefu akatazama nyasi. "Apana, mama. Nionyeshe ata shimo moja."

Moja! Mama alizunguka akipigapiga nyasi kwa jembe mpaka jua likazama. Kando yake ng'ombe wa yule tajiri walikuwa wanakula, miguu yao mizima.