Bamba la Shaba Katika Jabali

Mpaka leo nikisikia mtu anawasifu Wajerumani kwa elimu yao, damu hunichemka. Nilifanya kazi chini ya mmoja wao juu ya milima ya Uluguru, kwenye kambi ya ulanga, nikiwa karani wa simu, ile ya kugonga herufi kwa mashine. Ulanga ni lile jiwe linalong'aa, linalobanduka utando kwa utando kama kitunguu. Huyo Mjerumani, msimamizi wetu, alituambia mwenyewe kwa nini Ulaya wanautaka: umeme haupiti ndani yake.

Simu yetu ilikuwa na waya mmoja tu, kutoka kambini hadi Morogoro. Nilipokuwa shule ya serikali pwani nilimwuliza mwalimu umeme unarudi kwa njia gani. Akasema unarudi ardhini, ndiyo maana kila upande huzikwa bamba la shaba. Nikauliza, ardhi ipi? Ya juu tunayoilima, au ile ya chini kabisa ambayo hakuna aliyeiona? Akaniambia nikae.

Msimamizi alilizika bamba letu ubavuni mwa ofisi yake, mahali ambapo jembe likizama kiganja kimoja linagonga mwamba. Kijito kilikuwa hapo chini tu, lakini aliona uvivu kuteremsha waya. Mke wa mlinzi wa waya, aliyelima maharage mtelemkoni, aliwacheka wachimbaji: "Hapo hata muhogo haushiki, nanyi mnapanda shaba?"

Masika yote simu ilifanya kazi. Kiangazi kilipokolea, mlio wa mashine ukafifia, kisha ukakatika. Siku ya tatu msimamizi akaagiza mlinzi akamatwe. Alikuwa mtu wa umri wa baba yangu, kazi yake kuufuata waya na kukata matawi yanayougusa.

"Ameukata," alisema msimamizi.

"Haujakatwa, bwana," nilimjibu. "Nimeufuata mpaka bondeni, ni mzima."

"Basi ameuroga."

"Bwana anaamini uchawi?"

"Mimi siamini. Yeye anaamini. Hamsa ishirini."

Askari wakamlaza mlinzi uwanjani kwa viboko ishirini na vitano. Mimi nikabaki ofisini nikibishana. Nilichukua kipande cha ulanga nikakiweka mezani kwake. "Bwana ulisema umeme haupiti hapa. Mbona umelizika bamba katika mlima uliojaa kitu hiki? Na mwamba wake sasa umekauka!" Akaniambia nifunge mdomo. Sikufunga. Nilitaka akiri kwa kinywa chake kwamba amekosea, na huko nje nasikia wanahesabu: tisa, kumi.

Mke wa mlinzi akasimama mlangoni, mtungi kichwani.

"We karani! Unambembeleza nani humo? Si umesema jiwe limekauka? Maji haya hapa!"

Tulikimbia tukamwaga mtungi ule juu ya bamba. Mashine haikugonga. Wanawake wawili waliokuwa wakitoka kijitoni wakamwaga na yao. Mtungi wa tatu ulipokwisha kunywewa na ufa wa mwamba, mashine ikaanza kugonga. Morogoro walikuwa wakiuliza tumepatwa na nini.

"Simamisheni!" nilipiga kelele. "Simu inafanya kazi!"

Walikuwa wamefika kumi na saba. Msimamizi, aliyekuwa ametufuata nje, akarudi ofisini, akainama juu ya mashine, akasikiliza. Nikamwona ameelewa, ule uso wake ulielewa kila kitu. Akatoka akawaambia askari, "Malizeni."

Viboko vinane. Vilipokwisha, akamwambia yule mama kwamba kuanzia kesho atalimwagilia bamba kila asubuhi.

Siku iliyofuata nilikwenda nyumbani kwao. Mlinzi alikuwa amelala kifudifudi, mgongo umepakwa dawa ya majani.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Nikaketi, nikaanza kumweleza jinsi mwamba mkavu unavyozuia umeme, na jinsi maji yanavyoupitisha kwenye nyufa. Nilieleza kwa urefu, Mungu anisamehe. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Hayo nimeyaelewa," alisema. "Wewe uliyajua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya.

"Tangu siku ya kwanza simu ilipokufa," nilisema. "Nilikuwa nasubiri yule bwana aniulize."

Akageuza uso, akatazama ukuta.