Mtu wa Shaba Asiye na Shingo

Mke wangu asisome hapa, atanicheka. Mwaka sabini na tatu, wiki yangu ya kwanza kufagia jumba moja la makumbusho hapa Birmingham, nilimmwagia Bi Nila chai kwenye karatasi zake. Yeye ni mtaalamu wa mambo ya kale, Mhindi wa Mombasa. Akazipangusa kwa leso huku akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililonitia shaka.

Kesho yake nikamkuta anachora kijitu: mabega mapana, shingo hakuna, miguu matege. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Ni mimi kabisa! Pembeni kaandika vipimo. Nikasema moyoni, huyu mama ananiroga, tena kwa rula.

Alipotoka kwenda kula, nikauzamisha mchoro kwenye ndoo ya maji ya chumvi, huku nasoma Ayatul Kursi.

Akarudi, akaiona karatasi inaelea.

"Bwana Salim, umefanya nini?"

"Mbona unanichora?"

Akafungua droo, akatoa kijitu cha shaba kilichochimbwa bonde la Mto Ganga, kazi ya watu ambao hata jina lao halijulikani. Akakitazama, kisha akanitazama mimi, mabega mpaka miguu.

"Huyu ana zaidi ya miaka elfu tatu," akasema. "Wewe umeajiriwa Jumatatu."